Viti 107,000, Njia Hakuna

Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipoikata barabara ya Rutshuru mwezi wa Mei 2021, akina mama wa sokoni Goma, Kongo, hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaeleza kitu: maharage yapo shambani, wanunuzi wapo mjini, njia hakuna. Kule Kentucky, Marekani, matajiri walilipia somo hilo kwa bei ghali.

Jerry Carroll na wenzake walifungua uwanja wa mbio za magari, Kentucky Speedway, mwaka 2000, mashambani karibu na kijiji cha Sparta. Walijenga kwa matumaini tu, maana NASCAR, wenye mashindano hayo, hawakuwa wamewaahidi mbio zao kubwa za Kombe. Mwaka 2005 wenye uwanja wakaenda mahakamani kuzidai, wakashindwa. Sijui nani humshtaki mgeni ili aje kumtembelea! Mbio zilikuja baada ya uwanja kuuzwa kwa Bruton Smith, tajiri aliyekuwa tayari na viwanja vingine vya NASCAR.

Smith akaongeza viti hadi kufikia kama 107,000. Tarehe 9 Julai 2011 watu wakaja kweli, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Njia za kuchepukia kutoka barabara kuu ya I-71 hazikuweza kuwapokea, na maegesho yakajaa. Foleni ikaenda kilomita na kilomita; gari linasogea hatua mbili, linazima. Dereva yeyote wa pikipiki pale mtaa wa Birere, Goma, angewaambia mapema kwamba umati huo hautapita. Maelfu waligeuzwa wakiwa na tikiti mkononi. Kyle Busch ndiye aliyeshinda, lakini kesho yake habari ilikuwa foleni.

Wakuu wa uwanja wakaomba radhi, wakakubali tikiti zisizotumika zibadilishwe kwa mbio nyingine. Ardhi ya maegesho ikanunuliwa, njia zikapanuliwa. Kazi nzuri, ila ilipaswa kutangulia viti. Waliokwama siku ile walikuwa na televisheni nyumbani, na mwaka hadi mwaka majukwaa yakazidi kuwa na nafasi wazi.

Mbio za mwisho za Kombe zilifanyika Julai 2020, bila mtazamaji hata mmoja, kwa ajili ya korona. NASCAR hawakurudi tena na Kombe lao. Mwaka uliofuata kampuni ya Ford ilipungukiwa chipu za kompyuta, ikajaza pale uwanjani maelfu ya magari yasiyokamilika yakizingojea. Safari hii maegesho yalitosha.