Dakika 20 za Mjomba

Palikuwa na mjomba mmoja huko Mzinga, chini ya milima ya Uluguru. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, hivyo mjomba ndiye mwenye neno. Siku hiyo neno lake lilisubiriwa Kibaha, alikokuwa anampelekea mpwa wake mahari. Wenyeji walisema saa 5 asubuhi. Safari ni kama kilomita 160. Mjomba akawasha Noah saa 3 kamili.

"Tukishika 80, saa mbili tu tumefika," akawaambia wazee.

Hapo hakukosea, kwani mwendokasi wa wastani ni umbali wote ukigawanywa kwa muda wote uliotumika, na muda huo ni pamoja na wa kusimama. Lakini Msamvu walisimama kujaza mafuta. Mikese wakakuta malori yamejipanga kuelekea mizani. Mbele kidogo shangazi akaomba anunue ndizi, na hawakukubaliana bei upesi. Wakaingia Chalinze, nusu ya safari, saa 5. Kilomita 80 kwa saa mbili: wastani wa 40.

"Msiwe na wasiwasi," mjomba akasema. "Tumekwenda 40, sasa nakwenda 120. Jumlisha, gawa kwa mbili, unapata 80 ile ile."

Mpwa wake wa kike, mwanafunzi wa kidato cha pili, akauliza kutoka kiti cha nyuma, "Samahani mjomba, si tulitakiwa tuwe tumeshafika saa hii?"

"Mtoto hamfundishi mjomba wake njia," akajibiwa.

Kabla ya Vigwaza mjomba akapita lori mahali pasipoonyesha mbele. Bodaboda aliyebeba magunia ya mkaa akatokea, akakwepa, akaingia mtaroni. Alivunjika mguu. Mahari haikufika siku hiyo. Wazee walishinda hospitali, na mjomba akaishia kituo cha polisi.

Sasa tupige hesabu aliyoikwepa. Kilomita 80 zilizobaki, kwa 120, ni dakika 40. Safari nzima ingechukua saa 2 na dakika 40, yaani wastani wa kilomita 60 kwa saa, wala si 80. Kasi mbili huwezi kuzijumlisha na kugawa kwa mbili ikiwa hukukaa katika kila moja kwa muda ulio sawa. Yeye angekaa saa mbili katika 40 na dakika 40 tu katika 120. Ili apate 80, ilimbidi amalize nusu ya pili bila kutumia hata sekunde moja. Muda ni maji: yakimwagika hayazoleki.

Na kama angeshika 80 yake kutoka Chalinze? Angetumia saa moja, akafika saa 6. Kwa 120 angefika saa 5 na dakika 40. Kote alikuwa amechelewa. Mguu wa mtu ulivunjwa kwa ajili ya dakika 20, na hizo nazo zingeyeyuka kwenye vibao vya 50 vya Vigwaza na Mlandizi.

Dereva, ukiona umechelewa, gawa kwanza kilomita zilizobaki kwa kasi halali, ujue utafika saa ngapi. Kisha simama, wapigie wenyeji, waombe radhi. Mahari hupokelewa hata saa 6.