Andika Ingizo Lako la Kwanza

Kijana unayejifunza lugha ya C, nani alikuambia saraka za LDAP, yaani itifaki ya kutafuta na kubadilisha taarifa za watumiaji zilizo kwenye seva, ni kazi ya mabingwa peke yao? Usikubali! Kila muhula vyuo hupokea wanafunzi wapya, na kila mmoja anahitaji akaunti, yaani ingizo lake katika saraka. Pasipo programu ya kuwaingiza, mtu ataketi kuchapa majina hayo moja baada ya jingine. Programu hiyo unaweza kuiandika wewe.

Mlango uko wazi tangu zamani. LDAP ilizaliwa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na mwaka 1995 waraka uitwao RFC 1823 ukaeleza namna ya kuitumia kwa C. Waraka huo unasomwa bure. OpenLDAP, yenye seva na maktaba ya C ya LDAP, nayo ni bure, pamoja na msimbo wake wote. Kinachotakiwa ni nia yako.

Na kazi yenyewe si kubwa kama inavyosemwa. Ita ldap_initialize ukiipa anwani ya seva. Chagua toleo la 3 la itifaki. Jitambulishe kwa ldap_sasl_bind_s. Kisha panga sifa za mtu wako katika miundo ya LDAPMod: kila muundo una jina la sifa na orodha ya thamani zake. Hapo kuwa makini: orodha ya thamani iishe kwa NULL, na orodha ya miundo yenyewe nayo iishe kwa NULL. Ukiisahau, programu itaendelea kusoma kumbukumbu isiyoihusu, na huenda ikaanguka palepale. Ukishamaliza, ldap_add_ext_s inapeleka ingizo lako, na ldap_unbind_ext_s inafunga mawasiliano.

Je, seva ikikataa? Vizuri, soma namba iliyorudishwa! 49 inasema jina au nenosiri si sahihi. 32 inasema tawi unalotaka kuweka ingizo halipo, kwa hiyo liunde kwanza. 68 inasema ingizo hilo tayari lipo. 65 inasema umevunja kanuni za aina ya ingizo. Mathalani, umetumia aina ya inetOrgPerson bila kuweka sn, yaani jina la ukoo, ambalo ni la lazima. Ipe ldap_err2string namba hiyo, nayo itakupa maelezo kwa maneno. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Hapa kila unapojikwaa unaambiwa umegonga jiwe gani. Wangapi wanaojifunza kazi nyingine wamepata mwalimu mkweli kiasi hicho?

Basi usingoje kozi, wala usingoje kuajiriwa. Sakinisha OpenLDAP kwenye kompyuta yako, mahali ambapo kukosea hakumuumizi mtu. Ongeza mtu mmoja tu, kisha mtafute kwa ldapsearch umwone kwa macho yako. Akionekana, weka msimbo uleule ndani ya kitanzi usome faili lenye majina mia. Siku utakapohamia seva ya kazini, washa TLS ili nenosiri lisisafiri wazi, na ukague namba ya kila jibu bila kuchoka.

Anayeelewa kinachotokea chini ya vitufe haogopi mfumo unapogoma. Huufungua na kuutengeneza. Kuwa mtu huyo. Fungua kihariri sasa hivi, andika #include <ldap.h>, na usiinuke mpaka seva ikujibu sifuri: imefanikiwa!