Guu la Nani Huvunjika?

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii imebeba nadharia nzima ya ushauri bila kuitangaza: mshauri ni mkubwa, mshauriwa ni mdogo, na anayepuuza ndiye anayeumia. Ushauri wa namna hiyo hauhitaji askari wala faini, kwa sababu dunia itamfunza mkaidi.

Sasa tuchukue tume au baraza linaloundwa na serikali ili liishauri kuhusu usawa wa wanawake. Mambo yote yanageuka. Anayeshauriwa ndiye mkuu. Ana bajeti, ana polisi, ana muhuri. Anayeshauri ameteuliwa naye. Na taarifa ikifungiwa kabatini, waziri aliyeifungia hachechemei hata siku moja. Anayechechemea ni mjane aliyetolewa nyumbani na mashemeji, au mtalaka aliyerudi kwao na kanga zake baada ya miaka kumi ya kupika na kulea. Mwenye kupuuza ni mmoja, mwenye kuumia ni mwingine. Swali langu ni hili: ushauri usiomgharimu chochote yule anayeukataa unapata wapi nguvu?

Jibu la haraka ni kwamba haunazo, na kwamba tume ni mapambo. Historia ya Afrika Mashariki inanizuia kulikubali.

Mwaka 1967 Kenya iliunda tume ya kuchunguza sheria za ndoa na talaka, chini ya Jaji Spry. Nchi ilikuwa imerithi ndoa za kila namna, za kimila, za Kiislamu, za Kihindu, za Kikristo na za serikali, kila moja na kanuni zake. Haki za mke zilitegemea nani alimfungisha ndoa. Taarifa ilitoka 1968, ikapendekeza sheria moja itakayozibeba ndoa zote. Muswada uliotokana nayo ukakwama bungeni 1976, ukakwama tena 1979. Katika mjadala huo wa pili wapo wabunge waliolalamika kwamba mume ananyang'anywa haki ya kumrudi mkewe kwa kipigo, na kwamba jambo hilo si la Kiafrika. Walisema hayo ndani ya ukumbi wa Bunge, mchana kweupe, na yakaandikwa katika kumbukumbu rasmi.

Kumbe taarifa ile ilikuwa imeshavuka mpaka. Tanzania iliisoma. Serikali ikatoa waraka wake wa mapendekezo mwaka 1969, na mwaka 1971 ikapitisha Sheria ya Ndoa iliyochota sana katika kazi ya tume ile ya Kenya. Kifungu cha 66 kikasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Kifungu cha 114 kikaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa pamoja, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Fikiria mji wa Namanga, ambao mpaka unaupasua katikati. Mke wa upande wa Tanzania aliishi chini ya sheria iliyotokana na ushauri waliopewa wakubwa wa Nairobi, na jirani yake wa upande wa Kenya akaingoja sheria moja ya ndoa hadi 2014. Nayo ilipofika, wabunge wanawake walitoka nje ya ukumbi wakipinga kifungu kinachomruhusu mume kuongeza mke bila kumshauri aliye nyumbani.

Neno "kazi" katika kifungu cha 114 lilikaa bila tafsiri ya mwisho kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1983 mke mmoja aliyeachika alifika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na majaji wakaulizwa kama kupika, kufua na kulea watoto ni mchango katika nyumba iliyojengwa kwa mshahara wa mume. Wakajibu ndiyo. Mwanamke yule mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona alizitumia vibaya fedha alizopewa na mumewe ili afanyie biashara, lakini wanawake waliokuja baada yake wameitegemea hukumu ile mpaka leo.

Hapa naona nguvu niliyokuwa nikiitafuta. Ushauri wa tume huandikiwa mtawala, ila haumilikiwi naye. Ukishachapishwa, unaweza kusomwa na serikali nyingine, na jaji ambaye bado yuko shule ya msingi, na mwanamke ambaye hajui hata jina la mwenyekiti wa tume. Mtawala anabaki na uhuru wa kuukataa. Anachopoteza ni ule udhuru wa kusema hakujua. Na anayeumia, ambaye hakuwa na namna ya kumlazimisha mtu, anapata kitu cha kushika mkononi anapodai.

Wapo wanaosema tume ni njia ya kununua muda, na si wapuuzi. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Mshauri anayekula mkono mmoja na mshauriwa hujifunza upesi ni maneno gani yanapendwa. Kanada walilionja hili. Baraza lao la ushauri kuhusu hali ya wanawake liliundwa mwaka 1973. Mapema 1981, wakati katiba mpya ikiandaliwa, baraza lilikuwa limepanga mkutano wa wanawake kuhusu katiba hiyo. Waziri hakuupenda, na wajumbe wengi wakakubali usifanyike. Mwenyekiti, Doris Anderson, akajiuzulu. Tarehe 14 Februari wanawake wapatao 1,300 wakakusanyika Ottawa kwa mipango yao wenyewe, katika majengo ya Bunge, na shinikizo lao likachangia kuzaliwa kwa kifungu cha 28 cha Mkataba wa Haki wa 1982, kinachozihakikisha haki zote kwa wanaume na wanawake sawasawa. Anderson alikuwa na ushauri uleule akiwa ofisini na akiwa nje. Ulipohamia kwa wanawake wenyewe ndipo ukafanya kazi.

Usidhani kwamba dawa ni kuugeuza ushauri kuwa amri. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, na inasema Bunge likishindwa kutunga sheria zinazotakiwa, Jaji Mkuu atamshauri Rais alivunje, naye Rais atalivunja. Hapo ushauri umefungwa mnyororo kabisa. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akatoa ushauri huo kwa maandishi. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikausimamisha, na Bunge lile likamaliza muda wake hadi uchaguzi wa 2022.

Wala ushauri uliofanikiwa usigeuzwe msahafu. Sheria ileile ya Tanzania ya 1971 niliyoisifu ilimruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana alingoja 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliishinda serikali katika Mahakama Kuu mwaka 2016 kuhusu vifungu hivyo, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye 2019. Kwa hiyo baraza la kushauri linahitajika hata pale ambapo lililotangulia lilisikilizwa.

Ninalolidai ni dogo na linawezekana. Tume yoyote ya masuala ya wanawake ikitangazwa, hadidu za rejea zake ziwe na tarehe mbili: tarehe ya kuchapishwa taarifa nzima, kwa Kiswahili, na tarehe ya serikali kujibu kwa maandishi kila pendekezo, la kukubaliwa na la kukataliwa, pamoja na sababu. Msomaji uliye na mbunge, mwandikie umwombe hilo kabla majina ya wajumbe hayajasomwa redioni.