Je, Alama Ndizo Zinazomfanya Mtu Bingwa?

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mbio za magari za Formula 1 zimejengwa juu ya methali hiyo. Dereva hatawazwi bingwa wa dunia kwa kushinda shindano moja kubwa, bali kwa alama anazokusanya msimu mzima. Tangu mwaka 2010 mshindi wa shindano hupata alama 25, wa pili 18, wa tatu 15, na kuendelea hivyo hadi wa kumi anayepata alama 1. Mwenye jumla kubwa ndiye bingwa. Jambo hili huonekana kuwa la hesabu tu. Makala hii inadai kwamba ni swali la maadili pia: je, tunamheshimu mtu kwa alichokifanya, au kwa jinsi tulivyoamua kukihesabu?

Tuanze na kibaba chenyewe. Ubingwa ulipoanza mwaka 1950, mshindi alipata alama 8 na wa pili 6. Yaani nafasi ya pili ilithaminiwa kuwa robo tatu ya ushindi. Mwaka 1991 mshindi aliongezewa hadi 10, wa pili akabaki na 6. Mwaka 2003 wa pili alipandishwa hadi 8. Katika miaka yote hiyo kazi ya kumaliza wa pili ilikuwa ile ile, ila thamani yake ilibadilika. Basi kila jedwali la alama limebeba hukumu ndani yake. Watu waliketi wakaamua ushindi uzidi uthabiti kwa kiasi gani.

Hukumu hiyo inaweza kubadilisha bingwa. Mwaka 1988 Ayrton Senna wa Brazil na Alain Prost wa Ufaransa waliendesha magari ya timu moja, McLaren. Kulikuwa na mashindano 16, lakini kanuni ilihesabu matokeo 11 bora tu ya kila dereva. Ushindi ulikuwa na alama 9, nafasi ya pili 6. Prost alishinda mara 7 na kuwa wa pili mara 7, akavuna alama 105. Senna alishinda mara 8, akavuna 94. Matokeo ya ziada yalipoondolewa, Prost alibaki na 87 na Senna na 90. Ubingwa ukaenda kwa Senna. Kwa kanuni ya leo ya kuhesabu matokeo yote, mavuno yale yale yangempa Prost taji.

Je, Prost alidhulumiwa? Wapo watakaosema hapana, kwa kuwa kanuni ilijulikana kabla ya msimu na iliwabana wote sawasawa. Hoja hii ina nguvu. Mchezaji aliyekubali masharti hawezi kuyalaumu baada ya kushindwa. Hata hivyo, naona haitoshi. Mwaka 2014 shindano la mwisho, la Abu Dhabi, lilipewa alama maradufu: mshindi 50 badala ya 25. Kanuni hiyo nayo ilitangazwa mapema na iliwahusu wote. Lakini mashabiki wengi na baadhi ya madereva waliilalamikia, na ikafutwa baada ya msimu huo mmoja. Walikuwa na sababu. Kwa nini kazi ile ile ilipwe mara mbili kwa kuwa tu imefanywa siku ya mwisho? Kumbe kanuni inaweza kuwa wazi na ya usawa, na bado ikakosa haki, ikiwa kipimo chake hakifuati kile kinachopimwa.

Kwa hiyo haki ya alama inahitaji mambo mawili: makubaliano ya mapema, na sababu tunayoweza kuieleza mbele ya aliyeshindwa. Prost angeweza kuelezwa kwamba kanuni ya matokeo 11 ilimlinda dereva ambaye gari lake liliharibika. Angeweza kuipinga sababu hiyo, lakini ni sababu.

Lipo jambo la tatu, nalo haliandikwi katika jedwali lolote. Mwaka 1958 Waingereza wawili, Stirling Moss na Mike Hawthorn, walikuwa wakigombea ubingwa. Huko Porto, Ureno, Moss alishinda na Hawthorn akawa wa pili. Lakini gari la Hawthorn lilikuwa limezimika, naye akalipeleka kinyume cha uelekeo wa mashindano ili liwake. Waamuzi walitaka kumfutia matokeo. Aliyesimama kumtetea ni mpinzani wake. Moss alishuhudia kwamba Hawthorn alikuwa nje ya njia ya mashindano wakati huo. Hawthorn akabaki na alama zake 7: 6 za nafasi ya pili na 1 ya mzunguko wa kasi zaidi.

Msimu ulipokwisha, Hawthorn alikuwa na 42, Moss 41. Hawthorn alikuwa ameshinda shindano 1, Moss 4. Bila alama za Porto, Hawthorn angebaki na 39. Moss hakuwahi kuwa bingwa wa dunia hadi alipofariki mwaka 2020.

Mtu anaweza kuuliza: kwani Moss alilazimika kusema? Angenyamaza, asingekuwa amevunja kanuni yoyote. Nami nakubali kwamba hakulazimika kwa kanuni. Lakini alama ni ushahidi wa jambo lililotendeka. Kama angenyamaza, 39 za Hawthorn zingekuwa ushahidi wa uongo, na taji la Moss lingesimama juu ya uongo huo. Aliyeutunza ukweli wa jedwali ndiye aliyeangushwa na jedwali hilo.

Sisi wanafunzi nasi tunaishi kwa alama, na wahadhiri wetu hukesha wakizitoa. Hatuwezi kuziacha; bila kipimo, upendeleo ungetawala. Lakini anayeona mwenzake amenyimwa alama kimakosa, huku yeye akinufaika na kosa hilo, yumo katika nafasi aliyokuwamo Moss pale Porto. Hakuna mtihani utakaompa alama kwa kusema. Swali ni kama atasema.