Desturi ya kazi haigeuzi haramu kuwa halali

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu Waislamu, wababa na wamama, na ninyi vijana wetu! Ninawausia, na ninaiusia nafsi yangu kwanza, tumche Mwenyezi Mungu. Tumche hapa msikitini siku ya Ijumaa, na tumche vilevile siku ya Jumatatu asubuhi, tunapofungua mlango wa kazi.

Leo tunasema juu ya ugonjwa ambao hauko katika mwili wa mtu mmoja. Uko katika mahali pa kazi pazima: katika biro, katika depo, katika shule, katika hospitali, katika duka. Mtu mwema anaingia pale akiwa mzima, na baada ya mwaka mmoja anasema uongo bila kuona haya. Ukimuuliza sababu, anakujibu: "Hapa ndivyo tunavyofanya." Ndugu yangu, neno hilo ndilo tunataka kulipima leo.

ALAMA ZA UGONJWA

Alama ya kwanza: kosa limepewa jina zuri. Rushwa haiitwi rushwa. Inaitwa matabishi, inaitwa sukari, inaitwa maharagi ya watoto. Jambo hili si geni. Katika Bukhari na Muslim tunapata habari ya Ibn al-Lutbiyya, ambaye Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi aligawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa mimi kama zawadi. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akapanda kwenye mimbari, akauliza mbele ya watu kama mtu huyu angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, je, zawadi hiyo ingemfikia? Basi jiulize wewe pia: kile unachopewa kazini, ungekipata ukiwa umeketi kwenu?

Alama ya pili: fedha inapanda badala ya kushuka. Katika kazi nzima, mshahara unatoka kwa mkubwa na kumfikia mdogo. Katika kazi yenye ugonjwa, mdogo ndiye anampelekea mkubwa fungu lake kila jioni, na asiyepeleka anahamishwa mahali pabaya. Na yule mdogo atalitoa wapi fungu hilo? Atalitoa kwa mpita njia, kwa mgonjwa, kwa mama anayeuza ndizi.

Alama ya tatu: matusi na majina ya kejeli ndiyo lugha ya kila siku. Sura ya 49, Al-Hujurat, inatukataza kudharauliana, kuitana majina mabaya, kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana. Isome polepole, aya ya 11 na ya 12, halafu fikiri juu ya mahali unapofanya kazi. Utaona kama aya hizo zinapaeleza.

Alama ya nne: katika mkutano wote wanaitikia ndiyo, na nje ya mlango wote wananung'unika. Habari zinamfikia mkubwa kwa kunong'onezwa. Anayefanya sawasawa anaonekana mgeni, na anayenyamaza anaitwa mwenye akili.

Mimi niliitwa mwenye akili. Ndiyo sababu ninaandika karatasi hii.

NILIYOYAFANYA MIMI

Zamani nilikuwa mtunza depo katika kampuni moja ya kupakua bidhaa. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mifuko na kutia sahihi kwenye lista ya wabebaji. Wabebaji walikuwa ishirini, lakini lista ilikuwa na majina ishirini na tano. Mshahara wa wale watano wasiokuwapo uligawanywa: sehemu ya kapita, sehemu ya mkubwa wa biro, na sehemu ndogo yangu mimi. Siku ya kwanza mkono wangu ulitetemeka. Mwezi wa tatu haukutetemeka tena.

Akaja kijana mmoja, mtoto wa mjane, anajua kusoma vizuri. Kapita akamwambia awe msaidizi wangu na atie sahihi pamoja nami. Kijana akaisoma lista, akasema: "Yaya, hawa watu watano mimi siwaoni." Hakupiga kelele. Alikataa tu kuandika jina lake.

Tangu siku hiyo wakaanza kumwita Malaika. Walimpa mifuko ya chini, ile iliyolowa maji na kuwa mizito. Akija mahali tunapokula, watu wanaondoka. Mimi sikumtukana hata mara moja. Lakini sikumtetea pia, na nilipoona wenzangu wananitazama, nilicheka pamoja nao.

Baada ya wiki chache mifuko mitatu ya simenti ikapotea. Mimi nilijua ilitoka usiku gani na kwa kamiyo gani. Kapita akasema ni Malaika. Mkubwa akaniuliza mbele ya kijana: "Wewe mtunza depo, unasema nini?" Nikasema: "Mimi sijui." Ndugu zangu, maneno mawili tu. Kijana akafukuzwa bila mshahara wa mwezi ule, na mtaani kwao akaitwa mwizi.

Niliswali Ijumaa ile katika safu ya mbele.

Miaka ilipita. Nilipotaka kutubu, mwalimu wangu alinikumbusha jambo tunalolijua wote. Toba ya dhambi iliyo kati yako na Mungu ina masharti matatu: kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudi. Dhambi iliyogusa haki ya mtu ina sharti la nne: kumrudishia haki yake. Basi nikamtafuta yule kijana. Nilikuwa nimehesabu mshahara wa mwezi mmoja, nikaongeza kidogo. Akazihesabu fedha, akazipokea, akasema: "Yaya, hizi umeleta. Na jina langu umelileta? Mama yangu bado anapita sokoni kama mama ya mwizi."

Nikaenda kwa mama yake, nikakaa chini, nikamwambia ukweli mbele ya majirani zake. Nikarudi kwa wale wazee wabebaji waliokuwa bado hai, nikawaambia pia. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia kwamba amenisamehe. Aliniambia: "Mwanangu, ungesema siku ile." Mpaka leo neno lake liko sikioni mwangu, na ninaliweka katika sikio lako wewe unayesoma: sema siku ile ile.

UDHURU WETU

Najua mtu atajibu: mshahara hautoshi, na watoto wanataka kula. Ni kweli, nchi yetu imepita katika taabu. Katika miaka ya 1990 wafanyakazi wengi wa Serikali walikaa miezi mingi bila mshahara. Wazazi ndio walioanza kulipa walimu ili shule zisifungwe. Ndipo watu wakazidi kutaja kile kifungu cha 15 cha mzaha, yaani kila mtu ajitafutie.

Hata hivyo tuseme ukweli. Tangu mwaka 2011 Serikali ilianza kuwalipa wafanyakazi wake kwa njia ya banki. Mwaka 2019 elimu ya msingi katika shule za Serikali ilitangazwa bure. Je, fungu la jioni liliisha? Wewe ni shahidi. Mahali pengi lilibaki hata pale mshahara ulipofika. Basi njaa ilikuwa mlango wa kuingilia, lakini mazoea ndiyo yaliyojenga nyumba. Na Nabii Shuaibu (a.s.) alitumwa kwa watu wa Madyan, ambao kupunja vipimo kulikuwa ndiyo desturi ya soko lao lote. Wingi wao haukuwaokoa.

TUFANYE NINI?

Kwanza, rudisha fungu lako. Huwezi kukemea chungu ambacho unakula ndani yake. Kataa kwa adabu, bila kuwatukana wenzako: "Mimi mniache, fungu langu sitaki."

Pili, usitie sahihi juu ya uongo. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuondoa uovu kwa mkono, na asiyeweza kwa ulimi, na asiyeweza kwa moyo, na hiyo ndiyo imani dhaifu zaidi. Wengine wanaikimbilia daraja hii ya tatu wakisema: mimi ninachukia moyoni. Ndugu, kuchukia moyoni hakuruhusu mkono kutia sahihi.

Tatu, usiende peke yako. Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni, alimwomba Mola wake ampe ndugu yake Haruni awe msaidizi. Kama Musa alihitaji mwenzake, mimi na wewe ni nani? Tafuta mtu mmoja au wawili wenye hofu ya Mungu, wa dini yetu au wa dini nyingine, mkubaliane. Mwonewa akiwa peke yake anaitwa mkorofi. Wakiwa watatu watasikilizwa.

Nne, sema kwa upole na uandike. Musa na Haruni waliamrishwa kumwambia hata Firauni maneno laini. Mwendee mkubwa kwa faragha na kwa heshima. Nyumbani andika katika daftari: siku gani, saa gani, nani alisema nini, nani alikuwapo. Siku ya kusingiziwa, daftari hilo litakuwa kinga yako.

Tano, ijue sheria. Sheria ya kazi ya nchi yetu ni ya tarehe 16 Oktoba 2002, nayo ilirekebishwa mwaka 2016. Inahesabu usumbufu, vitisho, mapigo na matusi makubwa ya mwajiri kwa mfanyakazi kuwa kosa zito. Mgogoro wako upeleke kwanza kwa Inspekta wa kazi ili ajaribu kuwapatanisha, kisha ndipo uende mbele ya mahakama. Kama kuna wajumbe wa sendika mahali pako, wape habari. Kuomba haki si uasi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kumsaidia ndugu yetu akiwa ameonewa, na hata akiwa ndiye mwonevu, kwa kumzuia asionee.

Sita, jua wakati wa kuondoka. Si kila mtu anaweza kuacha kazi kesho, na hatumwambii baba wa watoto sita aitupe. Lakini kama kubaki kunakulazimisha kudhulumu, anza leo kutafuta mlango mwingine ukiwa bado katika huu. Riziki iko kwa Mwenyezi Mungu, haiko mfukoni mwa kapita.

NENO KWA WAKUBWA WA KAZI

Wewe uliye shefu, au mama mwenye duka na kijana mmoja tu wa kazi, neno hili ni lako. Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kama kumi, na alishuhudia kwamba hakuwahi kumwambia hata "ah!" ya kuchoshwa naye. Na Abu Dharr (r.a.), sahaba mkubwa, alipomtukana mtu kwa ajili ya mama yake, Mtume (s.a.w.) alimkemea. Akamfundisha kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu: tuwalishe tunachokula, tuwavishe tunachovaa, tusiwatwishe kazi wasiyoiweza, na tukiwatwisha, tuwasaidie.

Basi uangalie: wanaokufanyia kazi wanaweza kukuletea habari mbaya bila woga? Kama katika mwaka mzima hakuna hata mmoja aliyekuambia "hapa umekosea", usifurahi. Huenda ugonjwa umeingia, na wewe ndiye mwenye homa.

Ndugu msomaji, Jumatatu utafungua tena mlango ule. Labda katika biro yako kuna kijana anayeitwa Malaika. Hatukuombi uibadilishe nchi nzima asubuhi hiyo. Msalimie mbele ya watu. Kaa karibu naye wakati wa kula. Na siku wakikuuliza, usiseme "mimi sijui" ilhali unajua.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiifikie haramu. Wape nguvu wanaokataa kutia sahihi juu ya uongo. Walainishe mioyo wakubwa wetu. Na sisi tulionyamaza, utupe uhai wa kurudisha haki za watu kabla ya siku ambayo fedha haitalipa kitu. Utusamehe sisi, wazazi wetu na Waislamu wote, wanaume na wanawake. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako karatasi hii. Usiitupe chini, ina jina la Mwenyezi Mungu.