Jumatano: Alijua Alikotoka

Soma Yohana 13:1–5. Yesu alijua nini juu Yake Mwenyewe kabla ya kuinuka mezani na kuchukua maji?

Katika nchi ile ya vumbi na viatu vya wazi, kuwaosha wageni miguu kulikuwa kazi ya mtumishi. Jioni ile hapakuwa na mtumishi, na Luka anatueleza kwamba wanafunzi walikuwa wakishindana ni nani kati yao aliye mkubwa (Luka 22:24). Basi si ajabu kwamba miguu ilibaki na vumbi. Ambaye angeinama kwanza angekuwa amekubali kushindwa.

Angalia Yohana anavyolipanga simulizi lake. Haanzi na beseni. Anaanza na yale aliyoyajua Yesu: kwamba Baba amemkabidhi vyote, kwamba alitoka kwa Mungu na kwa Mungu anarudi. Ndipo anainuka. Pale Yordani pia, Baba alimkiri Mwana wake kabla hatujasoma muujiza wake hata mmoja (Mathayo 3:17). Sisi mara nyingi tunaugeuza mpangilio huo. Tunahudumu ili tuonekane kuwa watu.

Mwaka mmoja nilipewa kusimamia masomo ya watoto wakati wa makambi. Juma zima nilifika uwanjani alfajiri, nikapanga vifaa, nikawaelekeza walimu. Sabato ya mwisho yakasomwa majina ya waliohudumu, kuanzia wapishi hadi vijana wa vipaza sauti. Langu halikusomwa. Nilitabasamu kama mzee wa kanisa anavyopaswa kutabasamu. Usiku nikafungua kundi la WhatsApp la makambi, nikapekua picha moja baada ya nyingine nikitafuta uso wangu. Niliupata mara moja tu, nusu yake imefichwa na nguzo ya turubai.

Nilipomlalamikia mke wangu, aliniuliza, “Baba, kwani watoto walijifunza, au hawakujifunza?”

Sikuwa na jibu. Tangu majina yaliposomwa, sikuwa nimewafikiria watoto wale hata kidogo. Na mwaka uliofuata nilipoombwa tena, nilisema nina safari. Sikuwa na safari.

Ni vema kanisa liwashukuru watenda kazi wake. Paulo alijaza karibu sura nzima kwa majina yao (Warumi 16). Wanaosoma majina wayaandike kwa uangalifu. Lakini siku jina linaposahaulika, swali la mke wangu linabaki palepale.

Soma Yohana 13:10, 11, 30. Yuda alikuwa wapi wakati miguu ilipokuwa ikioshwa?

Alikuwapo. Hakutoka mpaka mstari wa 30. Yesu alijua ni nani atakayemsaliti, na bado alipiga magoti mbele yake, akaosha miguu yake, akaifuta kwa kitambaa kilekile alichowafutia wengine. Usiku uleule miguu hiyo safi ilitoka gizani kwenda kuikamilisha biashara yake. Hakuna mahali tunaposoma kwamba Yesu alijuta kumwosha.

Petro ana tatizo lake: hataki kuoshwa (mst. 8). Tunao watumishi wa namna hiyo pia, wepesi kumpikia kila mgonjwa, lakini wao wakiugua hawamwambii mtu. Habari zao tutazitazama kesho.

Kwa mjadala darasani:

Robo hii, kabla ya Meza ya Bwana, tunapoachana wawili wawili kwenda kutawadhana miguu, ni nani unayemtafuta kila mara, na ni nani unayemkwepa?

Je, kuna kazi kanisani uliyoiacha kwa sababu hukutajwa? Ulipoiacha, ni nani aliyebaki bila kuhudumiwa?