Kutawakali na Kiti cha Mtoto

Bismillahi Rahmani Rahim.

Mwenye kusimama asubuhi njia panda ya Ukunda, pale barabara ya Diani inapokutana na ile itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, ataona jambo ambalo macho yetu yamelizowea hata halitushitui tena. Gari lapita, na kiooni imebandikwa dua ya safari. Ndani yake mama amempakata mtoto wa mwaka mmoja katika kiti cha mbele, amemfunika mtandio asipigwe na upepo wa kusi, na shingoni mwa mtoto yaning'inia hirizi. Mama huyo akiulizwa kwa nini mtoto hakufungwa, jawabu ni lile lile: "Sheikh, nimemshika, na ajali haina kinga."

Basi twauliza: jawabu hili ni tawakali, au ni uzembe uliovishwa kanzu ya tawakali?

Kwamba kila jambo liko kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, hiyo ni nguzo ya imani yetu. Lakini Tirmidhi amepokea kutoka kwa Anas khabari ya mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga na atawakali; akaamrishwa amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali. Na Sayyidna Umar alipofika Sargh akapata khabari ya tauni ya Sham, alirudi na watu wake. Na alipoambiwa kuwa aikimbia kadari, alieleza kuwa anakokwenda nako ni kwenye kadari ya Mungu. Ikiwa ngamia, ambaye ni mali, hufungwa, itakuwaje mtoto, ambaye ni amana?

Atasema msemaji: mikono ya mama yatosha. Hatuyatilii shaka mapenzi yake. Twasema tu kwamba mikono ina kiasi chake. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likisimama ghafula kwa kugongana, mtoto wa kilo 10 huvuta kwa nguvu zinazoshinda gunia la kilo 100. Ni mama gani awezaye kulizuia gunia hilo? Na akijifunga mkanda mmoja pamoja na mtoto, mwili wake mwenyewe humbana mtoto huyo mkandani.

Na hekima ya kumgeuza mtoto atazame nyuma ni hii: kichwa chake ni kizito kuliko kiwiliwili chake kinavyoweza kukihimili, na mifupa ya shingo yake haijakomaa. Akitazama mbele, mgongano wa mbele hukirusha kichwa na kuivuta shingo. Akitazama nyuma, kiti humpokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Elimu hii iliendelezwa Sweden tangu miaka ya 1960 na Profesa Bertil Aldman, na huko watoto hupanda hivyo mpaka umri wa miaka 4 hivi. Hekima ni kitu kilichompotea Muumini. Akikiona huko, na akichukue. Ila kiti hicho kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa, kwani ukifutuka huweza kumuua mtoto. Na siku za baridi ya kusi, mikanda ifungwe imbane mtoto juu ya nguo nyepesi, kisha shuka iwekwe juu ya mikanda. Nguo nene chini yake huuacha mkanda umelegea.

Sisi wenyewe tumewapakata watoto wetu hivyo kwa miaka mingi, wala hatuandiki kwa kujitakasa. Mwaka 2004, kwa amri ya waziri John Michuki, sote tulijifunga mikanda katika matatu kwa kuwaogopa polisi. Lakini mkanda ule umekatwa kwa kipimo cha mtu mzima, na mtoto mchanga hana ulimi wa kudai haki yake. Atakayeidai ni Mwenye kumuumba, Siku ya Kiyama.

Twajua kwamba wengi wetu hawana gari, na kwamba mwenye bodaboda hana pa kukiweka kiti. Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Asiye na uwezo na akae kiti cha nyuma, asimweke mtoto juu ya tangi la pikipiki, na amhimize dereva apunguze mwendo. Lakini mwenye gari, aliyetoa maelfu kwa arusi ya siku tatu, atatoa udhuru gani?

Na misikiti yetu tuitazame. Humo mna jeneza la wakfu, tulilolitayarisha mapema ili maiti wetu achukuliwe kwa heshima. Na hilo ni jema. Kwa nini mtaa usiweke pia wakfu wa viti viwili au vitatu, vizima, visivyowahi kupata ajali, vya kuazimwa na kila mzazi atokaye hospitali ya Msambweni na mtoto mchanga? Tumejitayarisha kumchukua mtoto akiisha kufa. Na tujitayarishe kumchukua angali hai.

Hirizi na ivuliwe, mkanda ufungwe, dua isomwe. Hapo ndipo tutakapokuwa tumetawakali. Wabillahi tawfiq.